Maneno ya Mabango ya Ifakara: Uhakiki wa Istilahi za Kampeni dhidi ya Ukatili

Katika mji wa Ifakara, kama katika miji mingine ya nchi yetu, mabango ya kupinga ukatili wa kijinsia hutundikwa kuanzia tarehe 25 Novemba, na huachwa hapo hata baada ya tarehe 10 Desemba, mpaka mvua iyachane. Kipindi hicho cha siku 16 hakikuchaguliwa na watu wa bonde la Kilombero. Tarehe 25 Novemba ni kumbukumbu ya ndugu watatu wa kike wa ukoo wa Mirabal, waliouawa katika Jamhuri ya Dominika mwaka 1960. Kampeni yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na wanawake wa mataifa mbalimbali waliokutana Marekani. Na tarehe 10 Desemba ni Siku ya Haki za Binadamu. Kando ya mto Kilombero majira hayo ni ya kufyeka na kulima mashamba ya mpunga, na haupiti muda mrefu kabla jamaa nyingi hazijahamia mashambani kuishi madunguni kwa miezi kadhaa, wakilinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Hatulalamikii tarehe. Twataja jambo hili kwa sababu bango la stendi husomwa zaidi na mtumishi wa serikali na msafiri wa kwenda Mahenge kuliko na mke wa mkulima aliye dunguni. Maneno machache yatakayomfikia huyo wa mwisho, kwa redio au kwa kinywa cha jirani, hayatakuwa na picha ya kuyasaidia wala ofisa wa kuyafafanua. Yapasa yajisemee yenyewe.

Makala haya yahakiki maneno hayo. Tunayahakiki tukijua kwamba sehemu yake yalitoka mezani petu, sisi tunaoshughulika na istilahi, na kwamba aliyeunda neno si hakimu mwema wa neno lake.

Bonde la Kilombero lina somo lake la istilahi, ambalo wataalamu wa afya walilipata kabla yetu. Tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa maabara ndogo ya Waswisi ambayo baadaye ilikuwa Taasisi ya Afya Ifakara, malaria imechunguzwa hapo pengine kuliko mahali pengine popote nchini. Wachunguzi walipoanza kuwauliza wazazi, badala ya kupima damu tu, walikuta kwamba malaria na degedege si kitu kimoja katika akili za watu wengi wa pwani na wa kusini mashariki. Malaria ilikuwa homa, na dawa yake ilikuwa hospitalini. Degedege lilikuwa jambo lingine: mtoto hukakamaa, macho hugeuka, na chanzo chake huweza kuwa kiumbe arukaye usiku au pepo, dawa yake ilikuwa kwa mganga, na wapo waliohofu kwamba sindano ya hospitali ingemuua mtoto. Basi mzazi aliweza kuyasikiliza matangazo yote ya malaria, akayakubali yote, na siku mtoto wake alipokakamaa asiyakumbuke hata moja, kwa kuwa hakuona kwamba yalimhusu. Neno lilikuwa sahihi kwa daktari. Halikumfikia mgonjwa. Miaka ya baadaye kampeni zilipolitaja degedege kwa jina lake, na wauguzi wakalizungumza bila dharau, mambo yalibadilika, na uchunguzi wa bonde hilohilo ukaonyesha wazazi wengi wakikimbilia zahanati. Ni bonde hilo pia ambalo katika miaka ya 1990 liliuziwa vyandarua kwa jina la Zuia Mbu. Tazama jina hilo: kitenzi kimoja cha kuamuru na mdudu mmoja anayejulikana na kila mtu. Hakuna aliyehitaji semina ili alielewe.

Swali letu ni kama neno ukatili, katika kampeni hizi, li katika hali ya malaria au katika hali ya Zuia Mbu. Jibu letu, kwa masikitiko, ni kwamba li katika hali ya malaria.

Neno katili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuua, na ingawa katika Kiswahili halina tena maana hiyo kamili, limebaki na harufu yake. Katili ni mtu asiye na huruma kabisa: jambazi aliyemwua mlinzi, mama wa kambo wa hadithini, mtawala dhalimu. Mwanamume aliyempiga mkewe makofi mawili jana kwa sababu chakula kilichelewa hajioni katili. Majirani hawamwoni katili. Na jambo la kusikitisha zaidi, mkewe naye huenda asimwone hivyo. Ana maneno mengine kwa tendo hilo, nayo yamekuwamo katika lugha muda mrefu: amemrudi, amemtia adabu, amemkanya, amemfunza. Maneno haya yote yanamweka mwanamume mahali pa mwalimu na mwanamke mahali pa mwanafunzi mkosefu. Bango lisemalo ukatili haukubaliki halipingani nayo. Mtu aweza kulikubali bango na kuendelea kurudi na kukanya, kama mzazi yule alivyokubali kwamba malaria hutibiwa hospitali.

Kwamba hii si dhana tupu, takwimu za taifa zashuhudia. Katika uchunguzi wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walieleza kwamba wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikia miaka 15. Katika uchunguzi huohuo, wanawake 58 katika kila 100 waliafiki kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au zaidi kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kutotunza watoto. Wanaume walioafiki walikuwa 40 katika kila 100. Watazame wanawake hao 58. Hawakuulizwa kama wanapenda ukatili. Waliulizwa kuhusu kupigwa, na sababu zikatajwa moja moja. Ndiyo maana majibu yao yana thamani. Laiti waulizaji wangetumia neno la mabango, twaamini wangeambiwa karibu na wote kwamba ukatili ni mbaya, na tusingejifunza lolote.

Lipo jambo jingine, la kisarufi, ambalo halijapewa uzito unaostahili. Neno ukatili halina kitenzi chake. Mtu hupiga, hunyanyasa, hudhulumu, hutelekeza, hubaka. Kila kimoja cha vitenzi hivi kina mtenda na mtendwa, na ukikitaja bila mtenda sentensi hulia kwa upungufu. Lakini ukatili hufanywa, au mtu hufanyiwa. Amefanyiwa ukatili: na nani? Ukatili gani? Sentensi imekamilika na haijasema kitu. Kwa mwandishi wa taarifa za wizara hiyo ni faida, maana neno moja lamtosha kwa kofi, kwa tusi, kwa kunyimwa fedha za mavuno na kwa kubakwa. Kwa askari anayeandika maelezo ya mlalamikaji ni hasara tupu, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu haina kosa liitwalo ukatili wa kijinsia. Ina shambulio, ina kubaka, ina kujeruhi. Mwanamke aliyefundishwa na bango kusema nimefanyiwa ukatili hana budi kufundishwa upya mbele ya askari.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na busara zaidi katika jambo hili. Kifungu chake cha 66 chatamka kwamba, hata kama ipo mila iliyo kinyume, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya mwili. Mtungaji wa kifungu hicho hakulikimbia neno la watu. Alijua kwamba wapigaji huita tendo lao adhabu, akalichukua neno hilohilo na kuliondolea uhalali. Sheria hiyo imelaumiwa, tena kwa haki, kwa kuruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, na Mahakama Kuu mwaka 2016 kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zimesema hivyo. Lakini kifungu cha 66 kingefaa kuandikwa ukutani jinsi kilivyo, na hatujakiona katika bango hata moja.

Tukija kwenye neno kijinsia, hapa sisi wenyewe tu washtakiwa. Ilipohitajika kutofautisha maumbile ya mwili na nafasi ambazo jamii huwapa wanawake na wanaume, waandishi wengi walipendelea jinsi kwa la kwanza na jinsia kwa la pili. Mezani utengano huo ni mzuri. Nje ya meza, jinsi ni neno ambalo kila mtu hulitumia mara ishirini kwa siku akiwa na maana ya namna, na jinsia watu wengi hulisikia kama neno la adabu kwa mambo ya chumbani. Ndiyo maana mtu akiambiwa ukatili wa kijinsia hufikiri kwanza kubakwa, naye ambaye ameumizwa bila kubakwa hudhani hakutajwa. Miaka ya karibuni limeingia neno kingono ili kuziba pengo hilo, na twaliunga mkono, ingawa tunajua kwamba baadhi ya walimu wanaona haya kulisoma darasani. Haya hiyo itaisha. Ilikuwapo pia kwa kondomu.

Majirani zetu wamechagua njia nyingine. Zanzibar hupenda udhalilishaji, na Kenya husema dhuluma za kijinsia. Kati ya yote matatu, tukiruhusiwa kusema maoni yetu, dhuluma ndilo lenye nguvu kuliko yote: lina kitenzi, lina mtenda, na msikilizaji, awe Mwislamu au Mkristo, alijua tangu utotoni kwamba kudhulumu ni dhambi. Nalo linaingia mahali ambapo ukatili hauingii. Mavuno ya mpunga yakishauzwa, kati ya Juni na Agosti, ugomvi mkubwa katika nyumba nyingi za bonde ni wa fedha: mke amelima, amepanda, amefukuza ndege, na mume ameuza. Waraka utaita hilo ukatili wa kiuchumi. Mwanamke mwenyewe atasema amenidhulumu jasho langu, na kila asikiaye ataelewa nani amefanya nini.

Tusidhani kwamba sasa twaweza kulifuta neno ukatili. Limo katika jina la Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017, ambao kifupi chake ni MTAKUWWA, na ambao wasomaji wa redio hutamka kana kwamba wanawatabiria wasikilizaji jambo fulani. (Ile W ya pili haijawahi kusikika na sikio la binadamu.) Neno lililokwisha kuingia katika nyaraka za serikali halitolewi kwa makala. Tunaloomba ni kwamba libaki nyarakani, na ukutani viandikwe vitenzi.

Juu ya wito wa Vunja ukimya hatuna mengi. Umetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na katika lugha hiyo hauna ubaya. Katika Kiswahili mambo ya nyumbani yanayovunjwa ni ndoa, nyumba, heshima na miiko. Mwanamke anayeogopa kuambiwa kwamba amevunja nyumba yake anapewa amri inayoanza na kitenzi hichohicho anachokiogopa. Sema ingetosha, tena kwa herufi nne, jambo ambalo mchapaji angelishukuru.

Kuhusu jina la aliyetendewa, mgogoro ni wa zamani. Mhanga halifai kabisa. Mhanga ni mtu anayejitoa nafsi yake kwa hiari, na kumwita mwanamke aliyepigwa mhanga wa kipigo ni kusema kwamba alijitolea kupigwa. Magazeti yameonywa, na yangali yanaandika. Mwathirika ni bora, ila lina kasoro mbili. Kwanza, mnyambuliko wa -ika huficha mtenda: kikombe huvunjika, mti huangushika, hatuulizi na nani. Wenzetu wa Kenya wasemao mwathiriwa wametumia mnyambuliko wa kutendwa, nasi twaona wamepatia. Pili, katika miaka ya 1990 neno waathirika lilishikamana na UKIMWI kwa kiasi ambacho hata leo, likiandikwa katika ukuta wa zahanati, wapo watakaopita mbali wasije wakadhaniwa. Manusura ni zuri kwa yule aliyekwisha kuokoka, na lina heshima, kwa sababu hutumika kwa watu waliotoka wazima katika ajali na mafuriko. Watu wa Ifakara, waliokuwa wakivuka Kilombero kwa kivuko kabla ya daraja kujengwa, wanalijua bila kufafanuliwa. Lakini mwanamke ambaye bado anaishi na ampigaye hajanusurika. Kumwita manusura ni kumpongeza mapema.

Baya kuliko yote ni kunajisi. Limezoeleka kwa kosa la kumwingilia mtoto, nalo hutumiwa na watu wenye nia njema, wakidhani ni la staha kuliko kubaka. Najisi ni uchafu wa kidini. Kitu kilichonajisiwa hakifai mpaka kitoharishwe. Mtoto aliyetendewa uovu hutangazwa hadharani kuwa amechafuliwa, wakati aliyemtendea amebaki bila jina. Wala sheria yetu hailihitaji. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, awe msichana ameridhia asiridhie, isipokuwa pale sheria inapomhesabu kuwa mke wake. Na juu ya hilo la mwisho tumekwisha kusema kuhusu miaka 15. Watafsiri wa mahakama na walimu wa sekondari waliache neno kunajisi liende zake msikitini na kanisani, ambako lina kazi halali. Kadhalika mimba za utotoni: msemo huu unamtaja mtoto na unalitaja tumbo lake, na hakuna mwanamume ndani yake popote.

Tusiwe wa kulaumu tu. Mabango hayohayo yana neno moja ambalo twalionea wivu, nalo ni vituo vya Mkono kwa Mkono, yaani mahali ambapo mwathiriwa hupata daktari, askari na mshauri chini ya paa moja. Aliyelitunga hakutafsiri chochote. Alitafuta namna Waswahili wasemavyo juu ya kitu kinachopokelewa na huyu na kukabidhiwa yule bila kuanguka chini, akalikuta limekwisha kuwapo. Dawati la jinsia la polisi, kwa upande wake, tulilidhihaki lilipotoka, tukisema dawati ni la mwanafunzi. Na mwaka 2016, nchi nzima ilipokuwa ikichangia madawati ya shule, dhihaka yetu ilionekana kuwa na haki. Tulikosea. Watu wamelipokea, wanasema nenda dawatini, na wanaeleweka. Wala hatutagusa PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali. Herufi mbili na tarakimu moja, nazo zajulikana kutoka Kidatu hadi Mlimba kuliko istilahi yoyote tuliyopata kuitunga.

Limebaki suala la uwakilishi, ambalo kampeni za siku hizi huliunganisha na lile la ukatili, na kwa haki, kwa maana asiyesikilizwa nyumbani hasikilizwi kijijini. Kiswahili kilianza safari hii kikiwa na bahati. Mwenyekiti, mbunge, spika, rais: hakuna hata moja lililohitaji kubadilishwa ili mwanamke alikalie. Tabu imetokana na maneno tuliyoongeza. Katiba yataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30, nao hupatikana kwa orodha za vyama kulingana na kura. Maalum katika Kiswahili ni sifa ya heshima, lakini sikia linavyosemwa: mbunge wa jimbo ana jimbo, na mbunge wa viti maalum ana viti. Mmoja ametajwa kwa watu na ardhi, mwingine kwa samani. Si ajabu kwamba mitaani husemwa wa kupewa.

Bonde lenyewe lina mifano ya kujibu hilo. Celina Kombani alichaguliwa Ulanga Mashariki, ng'ambo ya mto, mwaka 2005, akawa waziri, na akaliwakilisha jimbo hilo hadi alipofariki Septemba 2015. Susan Kiwanga aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa viti maalum, na mwaka 2015 akachaguliwa na wananchi wa jimbo la Mlimba, akawa mbunge wao mpaka mwaka 2020. Mtu ni yuleyule, na Bunge ni lilelile. Lililobadilika ni neno linalofuata kiunganishi wa. Katika mwaka huo wa 2015 ule usemi wa wanawake wakiwezeshwa wanaweza ulikuwa ungali ukiimbwa mikutanoni. Kitenzi kile kina viambishi viwili mgongoni mwake, cha kusababisha na cha kutendwa, na vyote viwili vyasema kwamba uwezo umetoka kwa mwingine. Wapiga kura wa Mlimba hawakumwezesha mtu. Walimchagua.

Baraza linakusudia kupitia upya orodha ya istilahi za ustawi wa jamii, na safari hii hatutaki kuanza na kamusi za kigeni. Twawaomba walimu, mabwana shamba na mabibi maendeleo walio Ifakara, Mlimba, Mahenge na Malinyi watuandikie vitenzi wanavyosikia, kwa Kiswahili au kwa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga, Kibena na Kisukuma: mume akimpiga mkewe, jirani husema amefanya nini, akiuza mpunga akala fedha peke yake, husemwa nini, na mwanamke akienda kwa balozi wa nyumba kumi au kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki, huanza kwa maneno gani. Barua zieleze neno limesikiwa kijiji gani na kwa nani, mwanamume au mwanamke, pasipo kutaja jina lake. Tungefurahi zitufikie kabla watu hawajahamia madunguni.